Shule za Makazi ya Nakivale: Wanafunzi na Matokeo ya Mitihani

Shule za Nakivale ni shule za serikali na za jumuiya zinazosomesha watoto wa wakimbizi pamoja na watoto wa wenyeji katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mjini Mbarara. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao, na hivyo yamo miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Yamegawanywa katika kanda tatu, nazo ni Base Camp, Juru na Rubondo.

Mfumo wa madarasa

Uganda haina shule ya kati iliyo peke yake. Mageuzi yaliyofuata ripoti ya Tume ya Castle ya mwaka 1963 yaliondoa ngazi ya miaka miwili iliyokuwa baina ya msingi na sekondari, na tangu hapo mwanafunzi husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini na miwili ya sekondari ya juu. Kwa sababu hiyo umri ambao kwingineko huwa wa shule ya kati hukatwa na mtihani mmoja wa taifa, yaani Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi (PLE), unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB).

Mpaka huo ni wa kisheria pia, na kwa mtoto mkimbizi ndio wenye uzito zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki sawa na raia katika elimu ya msingi, ambayo haina ada katika shule za serikali tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote uanze mwaka 1997. Lakini katika elimu iliyo juu ya hapo humhesabu pamoja na wageni wengine. Mtoto aliyefaulu PLE huweza basi kubaki nyumbani, si kwa udhaifu wa akili bali kwa kukosa karo, sare na gharama za bweni.

Wanafunzi

Wakongo ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Waeritrea wachache, nao huketi dawati moja na watoto wa Kinyankore na Kikiga wa vijiji vya jirani. Idadi hupanda kila vita vinapozuka: Warundi waliongezeka baada ya mgogoro wa mwaka 2015, na Wakongo kila mapigano yanaporudi Kivu, mashariki mwa Kongo. Madarasa ya msingi yenye watoto zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja ni jambo la kawaida, hasa madarasa ya chini, ilhali serikali imekusudia mwalimu mmoja kwa wanafunzi 53.

Umri haulingani na darasa. Kijana wa miaka 14 aliyesoma kwa Kifaransa huko Kivu, au kwa Kirundi na Kifaransa huko Burundi, hurudishwa darasa la pili au la tatu ili ajifunze Kiingereza kwanza, akachangamana na watoto wa miaka minane, na wengi wa namna hiyo huacha shule kwa aibu kabla ya kufika darasa la saba. Kwa ajili yao upo mpango wa elimu ya haraka, unaofupisha miaka saba ya msingi kuwa mitatu.

Wasichana hupungua katika madarasa ya juu kwa sababu ya ndoa za mapema na kazi za nyumbani. Watoto wenye ulemavu wana walimu wachache mno waliofundishwa kuwahudumia.

Lugha na matokeo

PLE hufanywa mwezi Novemba kwa siku mbili, ukiwa na masomo manne: Hisabati, Maarifa ya Jamii, Sayansi na Kiingereza. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, kisha alama hujumlishwa. Mwenye jumla ya 4 hadi 12 huwa daraja la kwanza. Karatasi zote nne huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtihani wa Sayansi huko Nakivale ni mtihani wa Kiingereza kwanza, na kulinganisha matokeo ya shule hizi na ya shule za mjini bila kutaja jambo hilo ni kuwadhulumu watoto.

Tatizo huonekana hata pasipo maneno mengi. Mwanafunzi aliyetoka katika shule za Kifaransa huweka kigawanyo upande wa kulia wa kigawanywa, naye hutenganisha desimali kwa mkato. Mwalimu wa Uganda huweka kigawanyo upande wa kushoto na kutumia nukta. Jibu huwa sahihi, lakini hatua zake humchanganya msahihishaji asiyezoea mpangilio huo.

Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya uwanjani na sokoni baina ya Wakongo na Warundi, hakimo katika PLE. Kimepata nafasi katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ambamo ni somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na huko ndiko mtoto wa Kongo humtangulia mwenzake Mnyankore. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, ambapo kazi za darasani huchangia asilimia 20 ya alama.

Kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kwa madarasa mengi, kuliwaondoa wanafunzi ambao hawakurudi tena. Tangu mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao wa wakimbizi mara kadhaa, na mtoto asiyelipiwa mchango wa uji wa shuleni hushinda na njaa hadi jioni.

Mbarara

Shule mashuhuri za mjini Mbarara, zikiwemo Mbarara High School (1911) na Ntare School (1956), huchagua wanafunzi wenye daraja la kwanza. Rais wa Rwanda Paul Kagame, aliyekulia ukimbizini nchini Uganda, alisoma Ntare.

Hali ya sasa

Sekondari ya serikali katika makazi ni Nakivale Secondary School. Wanaofika chuo kikuu hutegemea ufadhili, ukiwemo wa DAFI, mpango wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) unaolipiwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu mwaka 1992, na baadhi ya wakimbizi husoma katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara.