Fast & Furious: Wahusika hufufuka, hatari ni ya kweli

MASHABIKI wa filamu za Fast & Furious wamezoea jambo moja: mhusika aliyekufa katika filamu hii huenda akarejea katika ile. Letty aliuawa mwaka wa 2009, lakini kufikia mwisho wa filamu ya 2011 ikabainika yu hai. Han aliteketea ndani ya gari jijini Tokyo katika filamu ya 2006, naye akatokea tena mzima mwaka wa 2021. Gisele aliachilia mkono wa mpenziwe na kuanguka kutoka juu mwaka wa 2013, akaonekana tena mwishoni mwa filamu ya 2023.

Nje ya kamera, mambo huwa tofauti. Kati ya mwaka wa 2001 na 2023, mfululizo huo ulitoa filamu kumi, mbali na ile ya Hobbs & Shaw (2019) iliyochipuka kando. Historia yake ni ya mambo mawili yaliyoandamana: kubadilikabadilika kwa waigizaji, na sarakasi za magari zilizozidi kuwa za hatari.

Chimbuko lake ni makala ya mwandishi Ken Li katika jarida la Vibe, mwaka wa 1998, kuhusu vijana walioshindana kwa magari usiku katika barabara za New York. Filamu ya kwanza, iliyoelekezwa na Rob Cohen, ilihamishia kisa hicho Los Angeles. Paul Walker aliigiza Brian O'Conner, afisa wa polisi anayejipenyeza katika genge linaloteka malori, naye Vin Diesel akawa Dominic Toretto, kiongozi wa genge hilo. Michelle Rodriguez aliigiza Letty, na Jordana Brewster akawa Mia, dadake Dominic. Ajabu ni kwamba waigizaji hao wawili wa kike hawakuwa na leseni za kuendesha gari kabla ya matayarisho ya filamu hiyo. Iligharimu takriban dola 38 milioni, ikaingiza zaidi ya dola 200 milioni.

Waondoka, warejea

Licha ya ufanisi huo, Diesel hakuridhishwa na hadithi ya filamu ya pili, akajiondoa. Mwelekezi John Singleton alipohamishia mbio hizo Miami mwaka wa 2003, Walker alibaki na kuletewa wenzake wapya, Tyrese Gibson na mwanamuziki Ludacris. Filamu ya tatu, Tokyo Drift (2006), ya mwelekezi Justin Lin, haikuwa na hata mmoja wa wale wanne wa awali hadi dakika za mwisho, Diesel alipojitokeza kwa muda mfupi. Hakulipwa pesa kwa kazi hiyo, bali alipewa haki za mhusika Riddick wa filamu zake nyingine. Mapato ya Tokyo Drift yalikuwa ya chini kuliko ya filamu nyingine zote katika mfululizo huo.

Hilo ndilo lililowafanya watayarishaji kuwakusanya tena Diesel, Walker, Rodriguez na Brewster mwaka wa 2009. Aidha, kwa kuwa Han, aliyeigizwa na Sung Kang, alikuwa amependwa mno, filamu tatu zilizofuata ziliwekwa kana kwamba zilitokea kabla ya ajali yake ya Tokyo.

Mwaka wa 2011 aliingia Dwayne Johnson akiwa afisa Luke Hobbs. Hata hivyo, mwaka wa 2016 mzozo kati yake na Diesel ulijitokeza hadharani walipokuwa wakitayarisha filamu ya nane. Johnson alikosa katika filamu ya tisa, na Diesel alipomwomba hadharani mwaka wa 2021 arejee, alikataa. Miaka miwili baadaye, aliibuka katika onyesho fupi mwishoni mwa Fast X. Hata waelekezi walipishana: Lin, aliyeelekeza filamu tano, aliacha Fast X mnamo Aprili 2022 kazi ikiwa imeanza tu, na nafasi yake ikachukuliwa na Louis Leterrier.

Sarakasi zakua

Kadiri wahusika walivyoongezeka, ndivyo mbio za barabarani zilivyozidi kuachwa nyuma. Katika Tokyo Drift, sifa kuu ilikuwa ustadi wa kuserereshea gari kwenye kona, na bingwa wa Japani wa mtindo huo, Keiichi Tsuchiya, alitoa ushauri na hata kuigiza kidogo kama mvuvi. Kufikia 2011, magari mawili yalikuwa yakiburuta sefu kubwa katika barabara zinazodaiwa kuwa za Rio de Janeiro, ingawa kisa hicho kilinaswa Puerto Rico. Sefu kadhaa ziliundwa kwa ajili hiyo. Moja ilikuwa gari lenyewe, na dereva aliiendesha akiwa amefungiwa ndani kwenye joto kali.

Mnamo 2015, magari halisi yaliangushwa kutoka kwenye ndege aina ya C-130 juu ya jimbo la Arizona, huku wapigapicha wakiruka na miamvuli kuyafuata hewani. Hapakuwa na mtu ndani ya magari hayo. Waigizaji wanaoonekana kwenye viti walinaswa kwingine, na picha zikaunganishwa baadaye. Filamu ya 2021 ilifikisha gari anga za juu, kazi ambayo bila shaka ilikamilishwa kwa kompyuta.

Pigo la 2013

Kifo kilichoutikisa mfululizo huo hakikutokea kazini. Novemba 30, 2013, filamu ya saba ikiwa katikati ya matayarisho, Walker alihudhuria hafla ya shirika lake la misaada huko Santa Clarita, California, kuwachangia waathiriwa wa kimbunga nchini Ufilipino. Aliondoka akiwa abiria katika gari la Porsche Carrera GT lililoendeshwa na rafikiye. Gari liligonga nguzo na miti, likashika moto, na wote wawili wakafa. Walker alikuwa na umri wa miaka 40. Wachunguzi walisema hawakuwa wakishindana na yeyote, ila gari lilienda kwa kasi ya kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali palipotakiwa kilomita 72.

Filamu hiyo iliahirishwa kutoka Julai 2014 hadi Aprili 2015. Ndugu zake, Caleb na Cody, walisimama mahali pake, na kampuni ya Weta Digital ikatumia kompyuta kuuweka uso wake juu ya miili yao. Watayarishaji hawakumuua Brian, bali walimwacha ashike njia yake. Iliingiza takriban dola 1.5 bilioni. Hivyo mfululizo uliozoea kuwafufua wahusika ulimwacha hai mhusika wa mwigizaji aliyekufa kikweli.

Kinga isiyotandikwa

Ajali nyingine ilitokea kazini. Mnamo Julai 2019, katika studio za Leavesden karibu na London, mwigizaji wa sarakasi alianguka takriban mita 7.6 hadi kwenye sakafu ya saruji baada ya kamba ya usalama kuchomoka kwenye fulana yake. Aliumia ubongo, na madhara yake ni ya kudumu.

Halmashauri ya Uingereza ya afya na usalama kazini ilibaini kwamba hapakuwa na utaratibu wa kukagua mara ya pili iwapo fulana imefungwa ipasavyo. Isitoshe, magodoro ya kumpokea anayeanguka hayakuongezwa baada ya jukwaa na mpangilio wa tukio kubadilishwa. Septemba 2023, kampuni iliyotayarisha filamu hiyo ilikiri kosa katika mahakama ya Luton na kutozwa faini ya pauni 800,000.

Waswahili husema ajali haina kinga. Kesi hiyo ilionyesha kwamba wakati mwingine kinga ipo, ila haikutandikwa.

Mwishoni mwa filamu hizi huja onyo kwamba sarakasi zimefanywa na wataalamu kwenye barabara zilizofungwa, na kwamba mtazamaji asithubutu kuziiga. Karibu na onyo hilo hupita, kwa herufi ndogo, majina ya madereva na waigizaji wa sarakasi. Hao wakianguka, hakuna mwandishi wa hadithi awezaye kuwarejesha katika filamu inayofuata.