Riwaya za nchi zisizokuwepo: jibu kwa mdogo wangu

Samahani kwa kupotea. Mwezi huu zamu za usiku zimenibana, na joto la Guangzhou nalo ni kama la Tanga, ila hapa hakuna upepo wa bahari. Lakini mimi mzima, namshukuru Mungu.

Leo namjibu mdogo wangu aliye kidato cha nne. Ameniandikia: "Dada, nitafutie riwaya za vyombo vya anga na nchi za ajabu, za Kizungu au za Kichina, maana sisi Waswahili hatuna." Akaongeza kwamba mwalimu mmoja amemnyang'anya kitabu cha namna hiyo na kumwambia aache upuuzi. Jamani! Nimeona nimjibu hapa hapa ili na wengine wafaidike.

Nianze na huku niliko. Mwaka 1902 Liang Qichao, mzaliwa wa mkoa huu wa Guangdong, alikuwa amekimbilia Japani kwa sababu watawala wa Uchina walimtafuta. Huko akaanza riwaya inayoonyesha Uchina ya mwaka 1962, nchi yenye nguvu inayosherehekea mageuzi yake. Hakuimaliza, lakini njia ilikuwa imefunguka. Mwaka uliofuata kijana Lu Xun, mwanafunzi huko huko Japani, akatafsiri safari ya mwezini ya Jules Verne. Hoja yake ilikuwa kwamba sayansi kavu humchosha msomaji, ila ukiichanganya na hadithi inamwingia bila yeye kujua. Sisi wauguzi tunaijua mbinu hiyo, ndiyo ile ya kumpa mtoto dawa chungu kwa asali!

Baadaye Lu Xun alisomea udaktari, akauacha mwaka 1906 akiamini kwamba roho za watu wake zilihitaji tiba kuliko miili yao. (Hapo simuafiki sana. Mwili nao unauma!) Mwaka 1927 alifundisha hapa Guangzhou kwa miezi michache, akajiuzulu baada ya wanafunzi kukamatwa. Jengo lenye mnara wa saa alimoishi, katika barabara ya Wenming, leo ni makumbusho yake.

Upuuzi? Mwaka 1983, katika kampeni ya serikali dhidi ya kile kilichoitwa uchafuzi wa kiroho, riwaya za kisayansi zilishambuliwa na baadhi ya magazeti yake yakafungwa. Mtu hasumbuki kupiga vita upuuzi. Gazeti moja la mji wa Chengdu lilinusurika, na mwaka 2006 ndilo lililotoa kwa mfululizo San Ti ya Liu Cixin. Tafsiri yake ya Kiingereza ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2015, riwaya ya kwanza ya kutafsiriwa kupata heshima hiyo. Muuguzi mwenzangu anaisoma kwenye simu wagonjwa wakilala.

Haya, turudi nyumbani. Ni yeye aliyeniuliza, "Kwenu mna hadithi gani za namna hii?" Nilikaribia kujibu kama mdogo wangu. Halafu nikamkumbuka mtu wa Tanga yetu, Shaaban Robert.

Mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, karani huyu wa serikali alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akafungwa. Mwaka 1952 ikafuata Adili na Nduguze, yenye majini na watu waliogeuzwa manyani, ambayo asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela. Na mfalme Rai anatawala nchi gani? Ughaibuni! Kumbe naishi ndani ya kitabu.

Kenya nako, Katama Mkangi alifungwa bila kesi wakati wa utawala wa Moi katika miaka ya 1980. Mwaka 1995 akatoa Walenisi. Mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani katika chombo ambacho hakuna aliyewahi kupona humo, naye anakiongoza hadi kwenye sayari yenye haki. Likate jina hilo: wale ni sisi. Hicho hapo chombo cha anga, mdogo wangu, tena kwa Kiswahili!

Basi soma hivi. Anza na Adili na Nduguze, ni fupi na tamu. Kisha Kusadikika, halafu Walenisi. Ukizoea, chukua Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya mwaka 2002, inayozunguka dunia nzima. Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990 iache mwisho, nayo uisome mara mbili. San Ti nitakuletea mwenyewe.

Nina neno moja la mwisho. Nilipokuja likizo nilitoa ushauri mdogo kuhusu kunawa mikono katika zahanati moja, nikajibiwa, "Umeanza Uchina wako." Niliumia, wala sikumwambia mtu. Hivi majuzi nimeirudia Kusadikika nikawakuta wale wajumbe sita, nikacheka peke yangu kwenye treni. Shaaban Robert alikuwa ameyaona haya kabla mama yetu hajazaliwa. Na mwisho wa kitabu wajumbe wanafunguliwa, kwa sababu Karama hakunyamaza.

Mdogo wangu, usimkosee adabu mwalimu. Muombe kitabu chako kwa heshima, halafu mwazime Kusadikika.

Wasalaam, na msiache kuniandikia.