Mwongozo wa TANU (1971) na uhusiano kazini

Mwongozo wa TANU, waraka wa siasa wa chama hicho tawala uliotolewa Tanzania mnamo Februari 1971, ingawa dhamira yake ilikuwa pana kuliko mambo ya ajira, ndio uliotikisa mno uhusiano wa wakubwa na wadogo kazini, kwa kuwa ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na udhalimu. Mwaka mmoja kabla yake, waraka wa Rais Nyerere ulikwisha kuamuru yaundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lakini mabaraza hayo yalikuwa ya kutoa nasaha tu, na hatamu zikabaki kwa mameneja. Basi ibara ile ikawa hoja: migomo iliyofuata haikudai ujira peke yake, bali ilidai pia, na hili ndilo lililo adhimu, heshima ya mtu mbele ya msimamizi wake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha bidhaa za mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa wakakiendesha wenyewe. Serikali, iliyowafunza lugha hiyo ya insafu, ilistahimili kwa muda, kisha ikakaza nidhamu.