Msamiati wa Uvuvi wa Waelmolo na Kupanda kwa Ziwa Turkana

Waelmolo, wavuvi wakaao Layeni na Komote, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, walikuwa na lugha yao ya Kikushi. Bernd Heine alipoukusanya msamiati wake mwanzoni mwa miaka ya 1970, walioijua walikuwa wazee wachache tu. Wengine walikwisha kuhamia Kisamburu, lugha ya majirani wafugaji, ambao kwao ng'ombe ndiye heshima na samaki ni chakula cha mkata.

Walakini lugha hiyo haikufa yote. Matthias Brenzinger, katika makala aliyoitoa mwaka 1992, alionyesha kuwa Kisamburu cha Waelmolo kimehifadhi maneno ya kale ya ziwa na uvuvi. Jambo hili si la ajabu: mfugaji hawezi kumwazima mvuvi jina la kitu asichokijua mwenyewe. Chelezo cha magogo ya mkoma, chusa cha kumchomea sangara, nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mkoma huo huo. Kijana alirithishwa neno pamoja na kazi. Wale wanaozipima lugha kwa idadi ya wasemaji peke yake hulipita jambo hili upesi mno.

Sasa iliyo hatarini ni kazi yenyewe. Kwa miaka mingi iliyohofiwa ni kiu ya ziwa, kwani Mto Omo, uletao takriban asilimia 90 ya maji yake, ulijengewa huko Ethiopia bwawa la Gibe III, lililozinduliwa mwaka 2016. Yaliyotukia ni kinyume chake. Mvua kubwa katika nyanda zinazolilisha ziwa, ambazo wataalamu wanazihusisha na mabadiliko ya tabianchi, zililipandisha. Ripoti ya serikali ya Kenya ya mwaka 2021 yasema kuwa baina ya 2010 na 2020 eneo lake liliongezeka kwa asilimia 10, na karibu kilomita 800 za mraba za nchi kavu zikazama. Komote ikatengwa na bara, ikawa kisiwa. Makaburi yalifunikwa, bomba la maji matamu likazama, na watoto wakalazimika kupanda mashua kwenda shule.

Nyavu za nailoni zilikwisha kuzitoa zile za mkoma kabla ya hapo, na majina ya vifaa yakaanza kupungua. Yaliyosalia ni yale ya maji na ufuo. Haya hayafundishwi kwa orodha: mzee humwonyesha kijana kwa kidole, na ufuo aliofundishiwa yeye sasa uko chini ya maji.