Kabla ya Silikoni Kulikuwa na Kibofu cha Nguruwe

Umewahi kununua silikoni ya kuziba sinki, ukatumia robo tu, ukairudisha kabatini, halafu miezi miwili baadaye ukakuta imekuwa raba? Mimi yamenikuta, na hela ya mwanafunzi ndiyo hiyo imeenda. Jipe moyo: tatizo hili liliwasumbua watu miaka 200 iliyopita.

Wakati huo wachoraji wa Ulaya walinunua rangi ya mafuta ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Ukitaka rangi, unatoboa kibofu, unaminya. Sasa lile tundu utaliziba vipi? Rangi hii haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta yake hushika oksijeni ya hewani, yakaganda. Hewa ikiingia tu, basi tena.

Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, alipata hataza ya tyubu ya bati laini. Ujanja wake ni huu: ukiiminya inabonyea na kubaki imebonyea, hivyo hewa haipati pengo la kujaza. Rangi ikawa inadumu, na wachoraji wakaweza kuibeba hadi mashambani na ufukweni. Dawa ya meno na gundi zikafuata njia hiyohiyo.

Silikoni ilikuja karne ya 20, na adui yake ni mwingine: unyevu. Ile harufu ya siki kwenye aina nyingi za madukani ni asidi inayotoka silikoni inapokutana na mvuke wa maji na kuanza kuganda. Kopo lake ni gumu, halibonyei, ila kizibo cha nyuma husogea mbele kadiri unavyosukuma, kwa hiyo pengo halibaki. Mlango ulio wazi ni mmoja tu: ule mdomo ulioukata.

Kwa hiyo ukimaliza kazi, acha silikoni ichomoze sentimita moja hivi mdomoni, kisha legeza bunduki yake. Unyevu hupenya kutoka nje kwenda ndani polepole, hivyo ncha itaganda kwanza na kuwa kizibo. Funga juu yake kwa plastiki na uhifadhi mahali pakavu, pasipo joto. Siku ukiihitaji, zungushia skrubu ndefu ndani ya kizibo, kisha vuta.

Lakini usikae nayo mwaka mzima! Unyevu unaendelea kupenya, taratibu. Kama tundu la sinki lingine linakusubiri, liwahi.