Hongo katika Seva: Neno la Misafara na Utafutaji wa Maana kwa Kompyuta

Ipole, kusini mwa Tabora, barabara hugawanyika: moja huelekea Mpanda, nyingine Rungwa. Katika nchi hii ya Unyamwezi msamiati wa misafara ulikuwa wa kila siku katika karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1860 habari za "kuhonga", malipo waliyotozwa wasafiri na watemi ili wapite. Leo "hongo" ni rushwa. Kilichokuwa ushuru machoni pa mtemi kilikuwa unyang'anyi machoni pa mwenye msafara. Na waandishi, itakumbukwa, walisafiri na misafara.

Je, programu ikilitafuta neno hilo katika seva ya kamusi, hupata nini? Itifaki ya DICT, iliyotolewa na Rickard Faith na Bret Martin Oktoba 1997, ni nyepesi mno. Programu ya mistari michache huunganishwa na seva kupitia mlango namba 2628, hutuma neno, hupokea maelezo. Neno lisipokuwamo, hujibiwa kwa namba 552. Huweza pia kutafuta kwa kulinganisha mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza mbinu hiyo yafaa, kwani viambishi vya unyambuaji na unyumbuaji huwekwa zaidi mwishoni. Lakini "waliohongwa", "tutahonga" na "asihonge" hayana mwanzo mmoja. Mzizi umejificha ndani. Mwanafunzi anayepitisha matini ya misafara katika programu hiyo atarudishiwa 552 mara kwa mara, na pengine ailaumu kamusi bure.

Uchanganuzi wa mofolojia ndio dawa yake. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi hiyo mwaka 1985, nayo ikazaa mfumo wa SALAMA. Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, ulishughulikia upande mwingine: uliwakaribisha wasomaji wachangie vitomeo.

Hata hivyo, viambishi vikishavuliwa na mzizi "-hong-" kupatikana, seva hutoa kile tu kilichowekwa ndani yake. Kitomeo kikiwa na "rushwa" peke yake, kila mtemi wa 1857 atasomeka kuwa mla rushwa. Kitomeo cha namna hii chahitaji mwaka na mahali kando ya kila maana. "Posho" nalo ni vivyo hivyo: kwa mpagazi lilikuwa chakula cha njiani, kwa mtumishi wa ofisi ni fedha za safari.