Ilikuwaje mume mgeni akapata haki ya kukaa Kenya

Mwanamume Mkenya aliyemwoa Mjerumani mwaka 1975 hakuwa na haja ya kukesha akiwaza mkewe ataishi wapi. Katiba yenyewe ilimpa mke huyo haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Dada yake huyo Mkenya, naye akiolewa na Mjerumani, hakuwa na la kumpa mumewe. Mume alibaki mgeni, akihangaikia kibali chake mwenyewe, cha kazi au cha biashara. Kibali kikikataliwa, mke alibakiwa na mawili: amfuate mumewe ughaibuni, au abaki kwao peke yake. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 47, tangu Desemba 1963 hadi Agosti 2010.

Wapo wanaosema hiyo ni mila yetu, kwamba mke ndiye hufuata mume. Mila ilitumika kuitetea sheria, ni kweli, lakini haikuizaa. Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilipitisha kwamba mwanamke wa kigeni akiolewa na Mwingereza huwa Mwingereza papo hapo. Mwaka 1870 likaongeza upande wa pili: mwanamke Mwingereza akiolewa na mgeni anapoteza uraia wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, wanawake waliozaliwa na kulelewa Uingereza walihesabiwa kuwa raia wa adui kwa sababu tu waume zao walikuwa Wajerumani. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 iliwaondolea adhabu hiyo, ikampa mke wa kigeni haki ya kusajiliwa akiomba. Mume wa kigeni haikumpa haki kama hiyo.

Mpango huo ndio ulioingizwa katika katiba ya uhuru wa Kenya, baada ya mikutano ya Lancaster House jijini London. Watoto nao waliguswa. Mtoto wa mama Mkenya na baba mgeni, akizaliwa nje ya nchi, hakuwa Mkenya. Wa baba Mkenya kwa kawaida alikuwa Mkenya popote alipozaliwa.

Kesi iliyoutikisa mpango huu Afrika nzima ilitoka Botswana. Unity Dow, wakili, aliolewa na Mmarekani mwaka 1984. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amezaliwa mwaka 1979, kabla ya ndoa, hivyo akawa raia kupitia mama yake. Wawili waliozaliwa baada ya ndoa, mwaka 1985 na 1987, walihesabiwa wageni katika nchi ya mama yao. Ndugu hao watatu, wa baba mmoja na mama mmoja, hawakuwa na haki sawa, na wadogo waliishi nchini kwa kutegemea kibali cha baba yao. Kibali hicho kisingehuishwa, mama angebaki raia mwenye nchi na asiye na watoto. Serikali ilijitetea kwamba kifungu cha katiba kinachokataza ubaguzi hakikutaja jinsia, na kwamba kiliachwa hivyo makusudi kwa kuheshimu mila. Dow alishinda Mahakama Kuu mwaka 1991, na Julai 1992 Mahakama ya Rufaa ikamthibitishia ushindi kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Bunge lilibadilisha sheria ya uraia mwaka 1995.

Kenya ilikuwa na pengo hilo hilo. Kifungu cha 82 cha katiba ya zamani kilikataza ubaguzi wa kabila, rangi na imani, lakini jinsia haikuongezwa hadi mwaka 1997. Hata ilipoongezwa, vifungu vya uraia vilibaki vilevile, na mume mgeni akabaki mgeni. Ilibidi katiba nzima iandikwe upya. Mwaka 2010, Kenya ilipounda mahakama ya muda ya kusikiliza mashauri ya mchakato wa katiba, mmoja wa majaji walioletwa kutoka nje alikuwa Unity Dow huyo huyo.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 4 Agosti 2010 na katiba ikatangazwa rasmi tarehe 27. Kwa mujibu wa Ibara ya 15, mtu yeyote, mume au mke, aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Ibara ya 14 ikamruhusu mama kumrithisha mwanawe uraia, popote alipozaliwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ikaweka ngazi ya katikati: baada ya miaka 3 ya ndoa, mwenzi mgeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo hukaa kwa pasi ya mtegemezi.

Cheti cha ndoa ndicho mhimili wa maombi yote haya. Waliofungishwa na kadhi, kanisani au kwa msajili wanacho. Waliooana kimila walitaabika zaidi, maana mahari na wazee mashahidi havikutoa karatasi ya kupeleka ofisi za uhamiaji za Jumba la Nyayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ndiyo iliyoziweka ndoa za kimila kwenye daftari la serikali sawa na nyingine.

Sheria ya 2011 hukataa uraia kwa ndoa iliyofungwa kwa nia ya kupata hadhi ya kukaa nchini, na hiyo ni haki. Lakini inataka pia wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Hapo ndipo ninapoona hatari. Mgeni anayepigwa na mwenzi wake anajua kwamba akitoka nyumba hiyo, miaka aliyoivumilia huenda isimfae kitu. Bunge halikupaswa kuuacha mwanya huo wazi.

Mpakani Namanga tofauti zinaonekana waziwazi. Mwanamke wa Longido, Tanzania, akiolewa Kajiado, anahesabu miaka yake 3 na kuomba ukaazi wa kudumu Kenya. Mumewe akitaka wahamie kwa wakwe, ataikuta Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, ambayo inampa mke wa kigeni wa Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mume wa kigeni haimpi haki hiyo, na akiutaka uraia atapanga foleni na wageni wengine wote.